Fedha Iliyorudi Kuwa Fedha: Uchambuzi wa Kisa cha Samani za Versailles, 1689

Kwa Kiswahili neno fedha linabeba vitu viwili. Ni madini meupe anayoyafua sonara, na ni pesa anayoihesabu mwenye duka. Wafaransa nao wanalo neno kama hilo, argent, na kwao pia msikilizaji ndiye anayetambua lipi limekusudiwa. Ninaanza na neno kwa sababu kisa chote kimo humo. Desemba 1689, Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, aliamuru samani za fedha zilizopamba jumba lake la Versailles zitolewe, zipelekwe Paris, ziyeyushwe na kugongwa sarafu. Vilikuwa vipande kama 200, uzito wake tani 20 hivi. Kufika katikati ya mwaka 1690 kazi ilikuwa imekwisha, na leo hakuna hata kimoja kati ya vipande hivyo cha kukitazama.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kwa kumsifu mfalme aliyetoa mali yake kwa ajili ya vita, na wapo wanaokisimulia kama malipo ya ubadhirifu. Mimi ninakitazama kama kisa cha thamani. Kitu kimoja kilikuwa na bei mbili, bei ya uzito na bei ya mkono wa fundi, na mwenye mali akaamua kukiuza kwa ile bei ndogo. Walioamua hivyo walikuwa na mizani na daftari mbele yao. Hasara ilihesabika kabla ya moto kuwashwa.

Ukumbi uliokuwa mweupe

Anayeingia leo katika Ukumbi wa Vioo wa Versailles anapokewa na rangi ya dhahabu. Vinara vikubwa vinavyosimama kando ni vya mbao zilizopakwa dhahabu, tena ni vya mtindo wa mwaka 1770, wakati wa mfalme mwingine kabisa. Ukumbi aliouzoea Louis XIV miaka michache baada ya kuhamishia baraza lake hapo mwaka 1682 ulikuwa wa rangi nyingine. Urefu wake ni mita 73. Upande mmoja kuna madirisha 17 yanayotazama bustani, upande wa pili matao 17 yaliyojazwa vioo 357. Mbele ya vioo hivyo zilipangwa meza za fedha, stuli za fedha, vinara vya fedha vyenye matawi, majagi makubwa, vyetezo vya kufukizia manukato, na mapipa ya fedha yaliyopandwa michungwa.

Nataka msomaji akae kidogo na picha hiyo. Hakuna madini yanayorudisha mwanga kuliko fedha iliyosuguliwa. Jioni, mishumaa ikiwashwa, mwanga uligonga mbavu za jagi, ukaruka hadi kwenye kioo, ukarudi tena kwenye meza. Aliyepita katikati alionekana pande zote, na nguo yake ikanaswa na mng'ao huo mweupe. Vyetezo navyo vilikuwa vikifuka. Mtu wa pwani anajua chetezo kinafanya nini ndani ya chumba chenye wageni, kwa hiyo halimshangazi wazo kwamba heshima ya mwenyeji inaanzia puani kabla haijafika machoni.

Katika chumba kilichopewa jina la Apollo ndimo kilimokuwa kiti cha enzi cha fedha chenye urefu wa mita 2.6 hivi. Katika chumba cha Mercury kulikuwa na uzio wa fedha uliotenga kitanda cha fahari na wageni. Kitanda chenyewe hakikuwa cha kulalia sana. Kazi yake ilikuwa kutazamwa, na uzio ulimwambia kila aliyeingia mahali pa kuishia.

Vitu hivi vilitengenezwa kwa mpango. Jean-Baptiste Colbert, waziri wa mfalme, alikusanya mafundi wa kila aina katika karakana za Gobelins, Paris, na kumweka mchoraji Charles Le Brun awaongoze. Le Brun na wenzake walichora, kisha wafua fedha wakatekeleza: Claude Ballin, Alexis Loir, Nicolas Delaunay na wengine, baadhi yao wakiwa na makao na karakana palepale Louvre, jumba la mfalme mjini Paris. Sehemu nyingine zilisubiwa kwenye kalibu, nyingine zikainuliwa kwa nyundo kutoka bamba bapa, halafu ikaja kazi ndefu ya tindo na nyundo ndogo: majani, nyuso za miungu, misuli ya watumwa waliobeba beseni mabegani, mizani ya samaki. Fedha waliyotumia ilikuwa ya kiwango cha juu cha Paris, sehemu 958 safi katika kila 1,000. Chimbuko la fedha nyingi iliyozunguka Ulaya wakati huo lilikuwa migodi ya Wahispania kule Amerika, Potosí (katika Bolivia ya leo) ikiwemo, ambako wenyeji wa asili wa Amerika walipelekwa kuchimba kwa zamu za lazima. Jasho hilo halikuandikwa kwenye kipande chochote, nami nalitaja kwa sababu bila hilo orodha ya mafundi haijakamilika.

Zulia moja la ukutani lililofumwa Gobelins linaonyesha mfalme akitembelea karakana hizo tarehe 15 Oktoba 1667. Wafanyakazi wanainua, wanasukuma, wanabeba. Kuna pipa la fedha, kuna majagi, kuna chombo kikubwa chenye vishikio ambacho mtu mmoja hawezi kukiinua. Zulia hilo ni miongoni mwa mashahidi wachache tulionao.

Kazi ya fedha mbele ya mgeni

Vyombo hivi vilikuwa vyombo vya utawala. Mwezi Mei 1684 manowari za Ufaransa ziliushambulia mji wa Genoa kwa mabomu kwa sababu ulikuwa ukiisaidia Hispania. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Mei 1685, kiongozi wa Genoa, Francesco Maria Imperiale Lercari, aliletwa Versailles kuomba radhi. Sheria ya mji wake ilimkataza kiongozi kutoka nje ya mji akiwa madarakani, na mfalme alishikilia kwamba aje akiwa madarakani vilevile. Akavuka vyumba vyote hadi mwisho wa Ukumbi wa Vioo, kilikowekwa kiti cha enzi cha fedha. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa ni kitu gani kilichomstaajabisha zaidi Versailles, alijibu kwa maneno mawili ya Kigenoa yenye maana ya kujiona yeye mwenyewe yupo pale.

Wazo la kutumia fedha kwa mkutano huo lilikuwa na uzito wake. Wenye mabenki wa Genoa ndio waliokuwa wakiwakopesha wafalme wa Hispania kwa vizazi, wakilipwa kwa fedha iliyovuka Atlantiki. Hao ni watu waliojua bei ya fedha kwa kuitazama tu. Kuwapitisha katikati ya tani kadhaa za madini hayo yaliyogeuzwa kuwa mapipa ya michungwa ilikuwa ni kuwaambia: hiki mnachokiweka kwenye masanduku ya chuma, huku kwetu tunapandia miti.

Tarehe 1 Septemba 1686 ikawa zamu ya mabalozi wa mfalme Narai wa Siam, yaani Thailand ya leo, wakiongozwa na Kosa Pan. Nao walitembezwa urefu wa ukumbi uleule hadi kwenye kiti kilekile, kilichoinuliwa juu ya ngazi. Miaka mitatu na miezi mitatu baadaye kiti hicho hakikuwepo.

Mali iliyolala

Hapa panahitaji utulivu, maana utetezi mkubwa wa uamuzi wa 1689 unatoka hapa. Makabaila wa Ulaya hawakununua vyombo vya fedha kwa ajili ya urembo peke yake. Palipokuwa hapana benki za kuaminika, bakuli la fedha lilikuwa akiba. Mwaka 1642 na 1643, vita vilipozuka kati ya Charles I wa Uingereza na bunge lake, vyuo vya Oxford vilitoa vyombo vyao vya fedha vikagongwa sarafu za kuwalipa askari wa mfalme. Hakuna aliyeona kioja. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumizi ya pili ya kila sinia.

Kwetu pwani jambo hili halihitaji mkalimani. Riale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 juu yake hata ilipogongwa miongo mingi baadaye, ilifika Unguja, Lamu na Maskati kama pesa, na nyingi ziliishia kwenye chungu cha sonara zikawa mitali, kekee na mafurungu. Mwanamke alizivaa miguuni na mikononi, na siku ya shida alizirudisha kwa sonara. Ukienda leo na furungu la bibi yako kuliuza, utaona linavyotokea: sonara analigeuza, analisugua pembeni kuona kama ni fedha kweli, kisha analiweka kwenye mizani. Nakshi iliyomchukua fundi siku nyingi haipandishi sindano ya mizani hata kidogo. Unalipwa uzito.

Versailles nayo ilikuwa na mizani yake. Ofisi ya samani za ufalme, chini ya msimamizi Gédéon Berbier du Mets tangu 1663, iliweka daftari ambamo kila kipande cha fedha kina namba yake, maelezo yake, na uzito wake kwa marc, aunsi na vipimo vidogo zaidi. Marc ya Paris ilikuwa takriban gramu 245. Mwandishi wa daftari anaeleza kwa makini mtoto aliyekaa juu ya pomboo, mkono wenye taji, tawi la mzeituni, halafu anamalizia kwa tarakimu. Ukizisoma kurasa hizo unaona kwamba tangu siku ya kwanza kila jagi lilikuwa na majina mawili. Tarakimu ilikuwa inangoja.

Kwa hiyo watetezi wana hoja. Mfalme alikuwa na akiba, haja ikaja, akaitumia. Ninakubaliana nao hadi hapo. Ninapoachana nao ni kwenye swali la akiba hiyo ilikuwa na thamani gani kwa aliyeilipia.

Desemba

Septemba 1688 majeshi ya Louis XIV yalivuka mto Rhine na kuuzingira mji wa Philippsburg. Alitarajia vita vifupi. Badala yake William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi, alikwenda kuchukua kiti cha enzi cha Uingereza, na kufikia mwaka 1689 Ufaransa ilikuwa ikipigana na Uholanzi, Dola Takatifu la Kirumi, Hispania na Uingereza kwa pamoja. Vita hivyo vilidumu hadi Mkataba wa Ryswick, 1697. Septemba 1689 wizara ya fedha ilipewa mtu mpya, Louis Phélypeaux de Pontchartrain, aliyekuta matumizi yakikimbia na mapato yakitambaa. Miezi mitatu baadaye amri ikatoka.

Marquis de Dangeau, mtu wa barazani aliyeandika shajara, anaieleza chini ya tarehe 3 Desemba. Mfalme anataka katika ufalme wote vyombo vya fedha vya vyumbani viyeyushwe: vioo, vyuma vya mekoni, vinara, majagi ya kila aina. Ili kutoa mfano, ameanza na vyake, bila kujali uzuri wa kazi. Hata vile vya nyuzi za fedha zilizosokotwa vinakwenda motoni. Na seti za kujipambia za mabibi wote zinakwenda, ya mke wa mrithi wa ufalme ikiwemo.

Hapo kwenye nyuzi ndipo ninapokwama kila ninapokisoma kisa hiki. Fundi wa nyuzi huvuta fedha hadi inakuwa nyembamba kama uzi wa cherehani, anaisokota, anaipinda kuwa ua au jani, anaichomelea kipande kwa kipande. Kisanduku kizima chaweza kuwa chepesi kiasi cha kubebwa kwenye kiganja bila kukihisi. Kukiyeyusha kunatoa tone la madini. Aliyeamuru nyuzi ziyeyushwe hakuwa anatafuta uzito. Alitaka isisemwe kwamba kuna kitu kilichobakizwa.

Tangazo la kisheria lilifuata tarehe 14 Desemba, likipiga marufuku samani na vyombo vizito vya fedha na kuwataka wenye navyo wavipeleke kwenye nyumba za kugongea sarafu. Mwezi huohuo serikali iliagiza sarafu za zamani zirudishwe zigongwe upya kwa bei ya juu zaidi. Makanisa nayo yakaombwa yatoe fedha iliyozidi mahitaji ya ibada. Barua za Madame de Sévigné, bibi wa tabaka la juu aliyesifika kwa barua zake, za majira hayo zinaonyesha jinsi habari ilivyopokewa katika nyumba za wakubwa: Duchesse du Lude amekata tamaa kabisa, lakini ametoa vyake, Madame de Chaulnes ametoa meza yake. Walitii. Mfalme alikuwa ametoa kiti chake cha enzi, nani angesimama kukitetea kioo cha kujipambia?

Mikokoteni ikaenda Paris, mwendo wa kilomita 20 hivi. Uyeyushaji ulianza tarehe 12 Desemba 1689 ukaendelea hadi Mei 1690. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 962 za Selsiasi, na ile iliyochanganywa na shaba kidogo huyeyuka mapema zaidi. Ugumu haukuwa moto. Ukigawa tani 20 kwa vipande 200 unapata wastani wa kilo 100 kwa kipande, na hakuna chungu cha kuyeyushia kinachomeza meza nzima. Kitu kama hicho hukatwa kwanza. Kabla ya kuyeyuka, kazi ya Ballin ilipita mikononi mwa watu wenye mashoka na patasi.

Hesabu yenyewe

Ilipopimwa, jumla ilizidi marc 82,000. Zikatoa livre, pesa ya Ufaransa ya wakati huo, milioni 2.5 hivi. Hiyo ni kama livre 30 kwa kila marc. Gharama ya kuvitengeneza, kwa makadirio yanayotajwa kwa kawaida, ilikuwa livre milioni 10. Gawanya kwa uzito uleule: livre 120 kwa marc. Kwa kila sarafu nne zilizotoka katika hazina ya mfalme kuwalipa mafundi na kununua madini, moja ilirudi. Tatu zilikuwa zimelipa mikono, macho, muda, michoro ya Le Brun, kalibu zilizopasuka wakati wa kusubu, vijana waliosugua kwa miezi. Hizo tatu hazina kiwango cha kuyeyuka. Zilitoweka shoka lilipoanza kazi.

Linganisha sasa na haja. Matumizi ya serikali ya Ufaransa katika miaka hiyo ya vita yalizidi livre milioni 100 kwa mwaka. Hata ukichukua milioni 100 kamili, milioni 2.5 ni matumizi ya siku 9. Vita vilidumu miaka 9.

Mtu anaweza kuuliza kama palikuwa na njia nyingine. Ilikuwepo, na Pontchartrain aliitumia kwa wingi baadaye: kuuza vyeo na nafasi za kazi, kukopa, na mwaka 1695 kuweka kodi ya kichwa iliyowagusa hata makabaila. Kiasi kilichopatikana kwa samani kingeweza kukopwa. Vipande vyenyewe vingeweza kuwekwa rehani, jambo ambalo wafalme wa Ulaya walikuwa wakilifanya kwa vito vya taji kwa karne nyingi. Rehani ina ubaya wake, lakini humwachia mwenye mali mlango wa kurudi.

Kwa nini basi? Jibu langu ni kwamba fedha ya mfalme ilikusudiwa iwe chambo. Lengo lilikuwa fedha ya wengine: makabati ya mawaziri, maaskofu, majaji, mabibi wa Paris. Usingeweza kumwamuru kabaila avunje kioo chake huku mfalme akikaa kwenye fedha yenye urefu wa mita 2.6. Katika hili mfalme alikuwa mkweli, na ninamheshimu. Alianza na vyake, tena na vile alivyovipenda. Kosa lake ni kuamini kwamba mfano ukiwa mkubwa basi na mapato yatakuwa makubwa. Wenye vyombo wengi walitoa kidogo wakaficha kingine, na hilo tunalijua kwa ushahidi wa mtu aliyelifanya mwenyewe, mara ya pili jambo hili liliporudiwa.

Mara ya pili, 1709

Baridi ya Januari 1709 iliua mbegu mashambani na njaa ikafuata, vita vya kurithi kiti cha Hispania vikiwa katikati. Wazo la kuyeyusha vyombo likaibuka tena barazani. Duc de Saint-Simon, kabaila aliyeandika kumbukumbu za baraza hilo na aliyekuwepo, anaeleza pingamizi zilizotolewa: mapato yatakuwa madogo, hasara ya ufundi itakuwa kubwa, na maadui watajua kwamba Ufaransa imeishiwa. Zote zilikuwa sahihi, na zote zilikuwa zimeshathibitishwa mwaka 1690. Hata hivyo ikafanyika. Anasema majina kwenye orodha ya watoaji hayakufika mia moja, na mapato yote hayakufika livre milioni 3. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wa mwisho kutoa. Alipeleka sehemu, iliyobaki akaifungia.

Anaeleza pia kwamba ndani ya siku 8 watu wote wakubwa walihamia kwenye vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi na kung'arishwa. Maduka yakakaukiwa. Huu ndio mwanzo wa bahati ya karakana za Rouen, Moustiers na kwingineko, zilizoanza kutengeneza sahani za mezani kwa ajili ya watu ambao juzi tu walikula kwenye fedha na nembo zao zikiwa zimechorwa ukingoni. Nembo ikahamia kwenye udongo. Ukiona leo sahani ya Rouen ya miaka hiyo, yenye mistari ya buluu kama lesi, unaona kitu ambacho kisingetengenezwa kama tanuri la sarafu lisingewashwa.

Vilivyopona vilikuwa mbali

Samani za fedha za Louis XIV zilikuwa zimeigwa kila mahali. Katika ngome ya Rosenborg, Copenhagen, bado wapo simba watatu wa fedha wanaolinda kiti cha enzi cha wafalme wa Denmark, kazi ya Ferdinand Küblich ya miaka ya 1660. Windsor ipo meza na kioo cha fedha alichopewa Charles II, na nyingine ya Andrew Moore ya mwaka 1699 iliyotengenezwa kwa ajili ya William III, yaani William wa Orange, adui yuleyule aliyesababisha tanuri la Paris kuwashwa. Katika jumba la Knole, Kent, kimebaki chumba chenye meza, kioo na vinara vya fedha. Nyingi kati ya samani zilizosalia Ulaya ni bamba jembamba la fedha lililogongomewa juu ya mbao. Mwenye shida ya pesa akilibandua hapati kitu cha maana, na nadhani hilo limeziokoa kuliko mapenzi ya wenyewe. Vya Versailles vilikuwa vizito mno.

Hata Berlin, Friedrich II wa Prussia alipohitaji pesa za vita vyake miaka ya 1740, roshani ya fedha ya wapiga muziki katika jumba lake iliyeyushwa, na mahali pake ikawekwa ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha, ili wageni wasione pengo.

Kazi ya wafua fedha wa Paris wa karne hiyo tunaijua zaidi kwa vitu vilivyotoka Ufaransa kabla ya 1689 bila kurudi. Seti ya kujipambia iliyoko Chatsworth, Uingereza, ni ya Paris. Nyingine iko Edinburgh, katika makumbusho ya taifa ya Scotland. Ni birika, visanduku, vinara vidogo na kioo, vitu vya aina ileile aliyonyang'anywa mke wa mrithi wa ufalme. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, Versailles ilipoandaa maonyesho ya samani za fedha ndani ya vyumba vilevile vya zamani, ilibidi iazime kutoka kwa warithi wa falme nyingine. Kwa miezi michache kuta zile zilirudishiwa mng'ao wao na vitu vya wageni.

Mtu mmoja nimemwacha hadi sasa. Nicolas Delaunay alikuwa mfua fedha wa mfalme na alimwoa mpwa wa Claude Ballin. Ballin alifariki mwaka 1678, hakuona mikokoteni. Delaunay aliona. Kabla vipande havijapelekwa, alikaa navyo akavichora karibu vyote vya mjomba wa mkewe, kimoja baada ya kingine, jagi kwa jagi. Michoro kadhaa ya samani zile imesalia, mingine ikiwa imefika Stockholm katika makusanyo ya msanifu wa Sweden Nicodemus Tessin, aliyekuwa ameitembelea Versailles mwaka 1687 na kuikuta fedha ikiwa bado mahali pake. Mwaka 1696 Delaunay alipewa usimamizi wa karakana ya medali pale Louvre. Kwa hiyo mwaka 1709, makabaila walipotumwa wapeleke sinia na mabakuli yao, wengi waliyapeleka mlangoni kwake, naye ndiye aliyeyapokea na kuandika majina.